Mota ya Usukani Kutoka kwa Tata Kabeya

Harufu ya lehemu inayoyeyuka, kali na yenye utamu kidogo kooni, nimeikuta katika miji mingi, maana mimi si mtu wa kukaa mahali pamoja. Kila nikiikuta hunirudisha Kolwezi, katika mtaa wa Manika, kwenye kibanda cha mbao nyuma ya soko ambako Tata Kabeya alikuwa akitengeneza redio. Umeme ulikuwa wa kubahatisha, kwa hiyo chuma chake cha kulehemu alikichomeka kwenye makaa ya mbabula, jiko lile lile ambalo mkewe alisongea bukari, yaani ugali, mchana. Ukiingia pale saa sita, pua yako ilipata lehemu, unga wa mahindi na vumbi la kiangazi kwa pamoja. Redio zilizofunguliwa matumbo zilijaa hadi kwenye dari, na moja tu ndiyo iliyokuwa ikiimba, bila kifuniko, kana kwamba inawatia moyo wagonjwa wengine.

Baba alikuwa dereva wa malori makubwa ya mgodini, tuliyoyaita benne, yale ambayo tairi lake moja humfunika mtu aliyesimama. Alikuwa rafiki wa Tata Kabeya tangu kabla sijazaliwa. Sisi tulikuwa watu wa kaskazini ya Katanga. Tata Kabeya alikuwa Mkasai, ingawa Kasai kwenyewe hakuwahi kufika. Babu yake ndiye aliyeletwa kufanya kazi mgodini, na yeye alizaliwa mitaa miwili tu kutoka kwetu. Jambo hilo halikuwa na uzito wowote, mpaka kiangazi hicho ninachokisimulia. Kiangazi hicho watu walianza kuulizana asili. Mtu aliyekuwa jirani tu akawa Mkasai au Mkatanga, na kwenye foleni ya bomba la maji kina mama walianza kunong'ona.

Ndipo baba akaja nyumbani na lori. Lilikuwa dogo, la njano, la kuendeshwa kwa redio kutoka mbali. Mhandisi mmoja mgeni alikuwa anarudi kwao, akamwachia baba kwa sababu lilikuwa limeharibika. Lilikwenda mbele na kurudi nyuma, lakini halikukata kona. Ile mota ndogo inayogeuza magurudumu ya mbele, ambayo miaka mingi baadaye nilijua huitwa servo, ilikuwa imeungua, na fimbo ya plastiki iliyoiunganisha na magurudumu ilikuwa imevunjika. Ile fimbo haikumsumbua baba hata kidogo. Kwetu, kitu kikikatika hufungwa kwa waya wa shaba. Alitoa waya kwenye kipande cha kebo, akaunyoosha kwa koleo, akaufunga mahali pake. Kilichobaki kilikuwa kupata mota.

Tata Kabeya alikuwa nazo mbili, alizozitoa kwenye midoli ya watoto wa wageni. Moja ilikuwa ndogo nyeusi, yenye meno ya plastiki, nyepesi kugeuka. Nyingine ilikuwa kubwa, yenye meno ya chuma, inayogeuka polepole ikinguruma. Walizijaribu mezani kwa kufunga uzi kwenye mkono wa mota na kuning'iniza chupa ya maji. Ile ndogo iliinua chupa nusu, ikatetemeka, ikakwama. Ile kubwa iliinua mpaka juu.

"Ona ile!" baba alisema. "Ile njo motere."

"Shoferi, kamata ile kidogo," alisema Tata Kabeya, ambaye hakuwahi kumwita baba kwa jina lingine. "Lori yako haibebe mawe ya mugodi. Ile mukubwa itakula mawe ya redio yote ya mu Kolwezi." Mawe ya redio ndiyo betri.

"Mi minaendesha benne, Tata Kabeya. Usukani ni nguvu. Weye unaendeshaka nini? Kiti."

Walicheka wote wawili, na mimi nilicheka mpaka nikapaliwa. Baba akachukua ile kubwa.

Nyumbani, tulipoliinua lori hewani na mimi nikazungusha kidude cha rimoti, magurudumu yaligeuka vizuri, kushoto, kulia. Tulipoliweka chini, lilikwenda moja kwa moja hadi ukutani. Tulijaribu tena. Ukutani. Watoto wa jirani waliokuwa wameita wenzao kuja kuona walianza kuimba kwamba lori letu limelewa. Baba alibadilisha betri, akafunga upya waya, akayapaka meno ya mota mafuta. Ukutani. Jioni ya siku ya tatu alilibeba chini ya kwapa, nami nikamfuata, mpaka kwenye kibanda.

"Uliniuzisha motere ya kufa," alisema kabla ya kusalimia.

"Ulichagula weye mwenyewe. Mi nilikuambia kamata kidogo."

"Ulijua iko ya kufa. Ninyi bantu ba Kasai..."

Hakumaliza. Hakukuwa na haja ya kumaliza, kwa sababu kiangazi hicho kila mtu alijua sentensi hiyo inaishia wapi. Tata Kabeya alikuwa ameshika chuma cha kulehemu juu ya redio ya mtu. Alikirudisha kwenye makaa taratibu, akafuta mikono yake, akaanza kupanga bisibisi ambazo tayari zilikuwa zimepangwa. Tulirudi nyumbani. Kuanzia hapo baba hakupita tena nyuma ya soko, na jina la Tata Kabeya halikutajwa mezani. Nilikuwa na umri wa kuelewa kwamba kama lori halitakata kona, baba atabaki na sababu ya kutorudi kule.

Madereva wa mgodini wana desturi yao. Kabla ya kuwasha lori, dereva hulizunguka lote, kisha huinama na kutazama chini ya tumbo lake. Baba alifanya hivyo kila siku ya kazi, lakini lile dogo hakuwahi kuliinamia. Jumapili moja tumetoka kanisani, alisimama uani akilitazama, kisha akalala kifudifudi kwenye vumbi jekundu na suruali yake ya ibada. "Zungusha," aliniambia. Nikazungusha. "Tena." Akaweka shavu chini kabisa. Mota ilinguruma, ikavuta kwa nguvu zake zote, na ule waya wa shaba ukajikunja kama mlenda. Kadiri mota ilivyokuwa na nguvu ndivyo waya ulivyozidi kujipinda, na magurudumu hayakujua lolote.

Baba alinyoosha mkono, akaizima mota. Kisha akainuka, akachukua lori, hakujipangusa hata vumbi.

Kibanda kilikuwa kimefungwa. Mwanamke aliyeuza mihogo pembeni alituambia bila kututazama: "Banaenda ku gare. Yeye na bibi na batoto." Walikuwa wamekwenda stesheni, kungoja treni ya Kasai pamoja na Wakasai wengine wote waliokuwa wakifukuzwa mjini. Baba hakuwa amejua.

Tuliwakuta kati ya magunia, masufuria na magodoro, familia kwa familia kando ya reli. Tata Kabeya alikuwa ameketi juu ya sanduku, baiskeli yake imefungwa kwenye mizigo. Baba alisimama mbele yake na vumbi lake, akageuza lori tumbo juu.

"Motere yako iko muzuri," alisema.

Tata Kabeya alitazama. Akagusa waya kwa kidole, ukapinda. "Shaba!" alisema. "Shoferi! Unafunga usukani na shaba! Na ile benne yako, unaifungaka na mulenda?" Mkewe aligeuka kuficha uso wake, lakini mabega yalimcheza.

Kisha akainuka, akaiendea baiskeli, akaanza kufungua spoki moja ya gurudumu.

"Acha, kinga yako itaharibika," baba alisema, akiishika ile baiskeli.

"Iko na ingine mingi."

Aliikunja kwa koleo ncha mbili, akaifunga mahali pa waya. Tukaliweka lori chini. Lilikwenda mbele, likakata kona kwenye gunia la kwanza, likapita kati ya masufuria, likarudi. Watoto waliokuwa wamekaa kimya siku nyingi walilikimbilia wakipiga kelele.

"Lile neno nilisema," baba alianza.

Tata Kabeya alimwekea rimoti mikononi. "Endesha, Shoferi."

Treni ilikuja juma lililofuata ikawachukua, baba akiwa kazini. Lori tulilitumia mpaka likaisha, na nyumbani kwetu hakuna tena aliyeruhusiwa kuanza sentensi kwa "ninyi watu wa".

Sasa nina miaka arobaini na kitu, na katika kila chumba ninachopanga huwa kuna lori dogo ninaloliunda polepole. Mota za usukani ninachagua kwenye simu, mamia yake, kila moja na nguvu yake imeandikwa, na hakuna haja ya chupa ya maji. Majuzi niliagiza moja ikaja mbovu. Niliandika malalamiko, maneno makali kidogo. Jibu likaja hapo hapo, la adabu sana: nyingine itatumwa. Hakuna aliyebisha, hakuna aliyeniambia nilijichagulia mwenyewe. Nilibaki nimeishika simu, nikisubiri mtu anikasirikie.