Jumamosi za Kuchambua Hitilafu

Majina ya wote, walioandika barua na waliozichambua, ninayo, wa Mbuji, wa Lituhi, wa Mbamba Bay, ila hapa siyaandiki. Wengine sasa ni watu wazima wenye heshima zao.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria. Wanunuzi binafsi wa kahawa walikwisha kuingia Mbinga, na kompyuta kuukuu zilianza kufika mashuleni na maparokiani. Binti yangu wa mwisho, mwalimu, alizitilia programu ya kuandikia barua. Ilikuwa ya bure, imetengenezwa na watu wa kujitolea huko nje, na yeyote aliruhusiwa kuifungua akairekebisha. Walichoomba ni kuambiwa tu inapoharibikia. Basi akatafuta watu wa kupokea malalamiko, kuyachambua na kutuma yale ya kweli.

Malalamiko hayakuja. Katibu wa kanisa moja la Mbamba Bay alileta barua ya kurasa mbili, salamu na shukrani tupu, na huku dereva wa basi dogo aliyeibeba anatuambia programu imemmezea katibu huyo orodha ya kipaimara mara tatu. Binti yangu akaanza kukata tamaa. Nikamwambia, kwetu mtu akikupa kitu bure humtajii kasoro yake, utaonekana huna adabu. Usiwaulize kimeharibika nini. Waulize walifanyaje mpaka kazi ikaisha.

Barua ya pili ya katibu ikasema: huwa naandika majina matano, nahifadhi, nazima, nawasha, naendelea. Tulicheka mpaka machozi. Kumbe majina yakizidi matano programu ilikuwa ikiyameza; ndiyo ikawa hitilafu yetu ya kwanza.

Wakafika watu wanane wa kuchambua barua. Tuliifanya kama ngokela, ule utaratibu wetu wa kulimiana mashamba, leo kwako kesho kwangu. Jumamosi mchana walikaa uani kwangu, chungu cha togwa katikati, barua kwenye nyungo tatu: mpya, za hitilafu zilizokwisha kuletwa na wengine, zisizoeleweka. Mimi wa darasa la nne programu siijui, ila nilijua nani alisema nini. Wakisoma, nasema hii ni ile ya sista wa Lituhi, ya kabla ya Kwaresima. Wananitania, "Bibi ndiye kompyuta yenyewe, hizi nyingine masanduku."

Wakati huo binti yangu alikwisha kuitwa kazini Dar es Salaam, ila alikuwa hajaondoka. Siku moja akaniletea daftari tupu.

"Mama, ukiugua Jumamosi moja tu, kikundi kimekufa. Nitajie malalamiko yote uliyonayo kichwani niandike."

Nilikuwa nimemkwepa wiki nyingi, mara kichwa kinauma, mara maharage hayajapurwa. Siku hiyo nikamwambia ukweli. "Nikikutajia, utaondoka."

Alifunga kanga yake upya. "Nitaondoka, mama. Ila siwezi kuondoka nikiwaacha hivi."

Nikamtajia. Tulitumia Jumamosi tatu, bega kwa bega, na sijapata kukaa naye hivyo tena.

Jumamosi ya kwanza baada ya safari yake ilifika barua kutoka Lituhi. Nilikwisha kufungua mdomo. Mmoja wa wale wanane akafunua daftari, akaiona hitilafu ile ile, akaitupia barua kwenye ungo wa zilizokwisha kuletwa. Kazi ikaisha mapema. Niliwasifu, na nilimaanisha. Lakini nakiri, mchana ule wote nilitamani wakwame, hata kwa barua moja, tupate sababu ya kumwita arudi.