Dumuzi Kwenye Kibuyu cha Mbegu

Mimi ndiye niliyemfuga adui ghalani kwetu na kumlisha, na kosa nalikubali, kwa sababu hata nikikana, Migwani nzima inajua. Nilikuwa kidato cha tatu, na utafiti wangu wa kongamano la sayansi ulihusu dumuzi, yule mdudu mgeni aliyeingia nchini na mahindi ya ng'ambo: nilitaka kujua akinyimwa mahindi atatoboa nini. Mwalimu alisema niwaache kwenye chupa ya kioo maabarani, niwe nikienda kuwaangalia likizoni, lakini mimi (mtu wa nyumbani, jua na miguu yangu havijawahi kupatana) nikaona heri nichunguze nikiwa karibu na jiko la mama, nikawatia kwenye kibuyu kikavu, nikakiziba vizuri, nikakiweka ghalani kando ya kibuyu cha mbegu za mahindi. Na nilikuwa nimeshaandika kwa mkono wangu kwamba dumuzi hutoboa hata mbao! Kibuyu sikukifikiria.

Siku ya mwethya yetu akina mama wa kijiji walikuja na majembe kutusaidia kupanda, mawingu yameshajaa upande wa Nuu. Mama, kwa kujivuna, akasema, "Kimanzi, hebu waambie mnasoma nini huko."

Nikapanda kichuguu, mikono nyuma kama mkaguzi wa shule, nikaeleza tabia zote za dumuzi, nikamalizia kwa kuwaonya watunze mbegu zao. Wakanipigia makofi. Mama akainamisha kibuyu cha mbegu juu ya ungo.

Ukatoka unga. Kisha punje zenye matundu, kisha dumuzi wenyewe, wakitembea bila haraka kama wenye shamba.

"Hawa ndio wale wa shule?" mmoja akauliza.

Mama akaketi mchangani. Msimu uliopita mvua ilitukimbia, kwa hivyo mbegu ilikuwa hiyo tu. Nikakimbia ghalani kukagua kibuyu changu: matundu mawili, safi kama ya fundi, na ndani hakuna mtu. Kisayansi, jibu lilikuwa limepatikana.

Kongamano sikwenda, na tangu siku hiyo sijafuga hata kuku. Aliyetuokoa ni jirani yetu Mama Mwende, ambaye hajui kuzungusha maneno. Alijifunga leso kiunoni, akamwinua mama, kisha akanigeukia:

"Mbegu nitaleta zangu. Lakini wewe mwanasayansi, nikikuona karibu na ghala yangu nitakufungia kwenye kibuyu, tuone kama na wewe utajua kutoka."