Safu ya Mwisho ya Gauni la Vidoti

Bwana Kipimo hakuwahi kushona hata kifungo maishani mwake, lakini kwa miaka thelathini na minne alikuwa na maoni juu ya kila mshono uliopigwa nyumbani kwake. Jina hilo alipewa na wenzake kwenye ghala la vifaa vya ujenzi, alikokuwa mtunza stoo, kwa sababu hakutoa hata kamba ya kufungia mzigo bila kuipima mara mbili. Mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Viraka, Mungu amrehemu, alishona mablanketi ya viraka kwa cherehani ya kukanyaga, akipima kila kiraka kwa kipande kimoja tu cha boksi la sabuni. Watu walikuja kutoka mitaa ya mbali kuyatafuta. Jambo hilo lilimkera mumewe kuliko kama yangekuwa mabaya.

"Kipande cha boksi," alikuwa akisema, akitikisa kichwa. "Zama hizi."

Basi akawa anamletea vifaa. Karibu na stendi kulikuwa na duka la vifaa vya ushonaji, na muuzaji wake, mtu wa tai na maneno laini, hakukosa kitu kipya cha kumwonyesha mzee wake. Ndivyo kilivyoingia nyumbani kisu cha gurudumu, kinachokata tabaka nne za kitambaa kwa mpigo mmoja. Ukafuata mkeka wa kukatia ambao, kwa maelezo ya muuzaji, ukichanjwa unajiponya wenyewe. Ikaja rula ya plastiki yenye mistari mingi kuliko ramani, kibakuli cha sumaku cha kukusanyia pini, kalamu ambayo wino wake hufutika, na kidude cha kutungia uzi kwenye sindano, ambacho kilihitaji macho makali kuliko sindano yenyewe.

Mama Viraka alikipokea kila kimoja kwa mikono miwili, akashukuru kwa moyo, akakitia kwenye bati la biskuti, akarudi kwenye boksi lake la sabuni. Ni kimoja tu alichokitoa batini na kukitumia: kifumulio, kile kichuma chenye ncha mbili cha kukatia nyuzi za mshono uliokosewa.

"Hiki kimetengenezwa na mtu mwenye akili," alisema. "Alijua tutakosea."

Aliondoka baada ya kuugua wiki mbili tu, akaacha blanketi moja halijaisha. Lilikuwa la mjukuu, ambaye wakati huo alikuwa bado tumboni mwa binti yao wa mwisho. Safu kumi na moja zilikuwa zimeshaungwa, viraka kumi na viwili kila safu. Ilibaki moja, na hiyo alikuwa ameshasema itatoka wapi: kwenye gauni lake la bluu lenye vidoti vyeupe, la kuendea ibada. Alisema hivyo akiwa kitandani hospitali, mbele ya mumewe na mdogo wake wa kike, kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi dukani.

"Mtoto alale na mimi kidogo," alisema.

Gauni la namna hiyo alikuwa nalo moja tu.

Mdogo wa marehemu alikuwa fundi wa chumba cha kushonea mashuka ya hospitali, mwanamke wa maneno machache yenye ncha. Siku ya tatu baada ya maziko alisema atalimalizia mwenyewe, kazi ya jioni moja.

"Usijisumbue, shemeji," alijibu Bwana Kipimo. "Vifaa vyote vipo."

"Vifaa sijavikataa. Mshonaji yuko wapi?"

Bwana Kipimo alilifungua lile bati la biskuti, akaanza kuvihesabu vifaa. Hakuweza kumweleza mtu kwamba alitaka kufanya kwa mkono wake jambo moja ambalo mkewe alikuwa ameliomba. Na pembeni ya huzuni hiyo ya kweli, Mungu amsamehe, alikaa yule mtunza stoo wa zamani, ambaye alitaka pia kuthibitisha kwamba kisu cha gurudumu kilikuwa sahihi tangu mwanzo.

Alianza Jumatatu asubuhi. Maelekezo ya kisu yalisema kazi ifanyike juu ya meza isiyoyumba, na meza ya sebuleni iliyumba tangu ilipoletwa. Akatafuta kitu cha kuweka chini ya mguu, akakuta kwenye droo ya cherehani kile kipande cha boksi la sabuni, kona zake zimelika, na ndani yake mstari wa penseli uliozunguka pande zote nne kama urembo. Kililingana na ule mguu barabara. Leo kimepata kazi ya maana, alijisemea.

Kisha akapima. Hakupima kiraka kimoja, alipima arobaini, vyote kutoka kwenye safu zilizokwisha kuungwa, akaandika kwenye daftari, akatafuta wastani. Sentimita nane kamili. Akachora viraka kwenye gauni kwa ile kalamu ya ajabu, akapiga pasi ili kitambaa kilale vizuri, na mistari yote ikatoweka. Alisoma maelekezo upya, akakuta kwamba wino huo hufutika kwa joto, na kwamba kalamu ilikuwa imefanya kazi yake bila dosari.

Akachora tena. Akasali sala fupi, akimwomba Mwenyezi Mungu amnyooshee mkono. Sala hiyo ilijibiwa. Gurudumu lilipita kwenye vidoti vyeupe kama linakata siagi, na ilipofika saa sita mchana sehemu yote iliyokuwa bado haijachakaa upande wa chini wa gauni ilikuwa imegeuka viraka kumi na viwili, kila kimoja sentimita nane, hakuna kilichomzidi mwenzake hata unywele. Alimpigia simu bintiye.

"Mama yako angeviona hivi," alimwambia, kisha akakata simu, na alipopigiwa tena akasingizia mtandao.

Siku mbili alihangaika na cherehani. Jumatano safu ilikuwa imeungwa, imenyooka. Akaitandaza ukingoni mwa blanketi, na safu ikaisha kabla blanketi halijaisha. Ilipungua karibu shibiri nzima.

Alihesabu viraka: kumi na viwili. Aliipima rula ya plastiki kwa rula ya chuma ya stoo, zikakubaliana. Akaamua kwamba blanketi ndilo lililorefuka. Alilitazama kwa shaka, kama mfanyakazi anayedhaniwa kutoka na misumari mfukoni. Mwisho akailoweka ile safu na kuivuta kwa pasi ya moto, ikavutika kiasi cha ukucha, ikapoa, ikarudi palepale.

Jumamosi shemeji yake alifika akitokea zamu. Bwana Kipimo alimwelekeza mezani kwa kidole. Mwanamke yule aliipindua safu upande wa nyuma, akaitazama, akavua miwani, akaivaa tena.

"Ulipima nini?"

"Viraka vya dada yako. Arobaini."

"Ulipima usoni."

"Ningepima wapi?"

"Shemeji, hivi kitambaa kinachoingia ndani ya mshono ulidhani kinaenda wapi? Mbinguni?"

Bwana Kipimo alikaa. Miaka thelathini na minne alikuwa ameangalia nguo zikishonwa, na hakuwahi kufikiria kwamba kila kiraka kina pindo lisiloonekana linaloshika kila kitu pamoja.

"Kile kiboksi chake kiko wapi?" shemeji aliuliza. "Alikichorea mstari wa kushonea. Nje ya mstari ndiyo hiyo inayoingia ndani. Hata kipofu angepapasa akajua."

Mzee aliinama polepole, akanyanyua mguu wa meza, akakitoa. Kilikuwa na alama ya duara ya mguu katikati. Shemeji alikipokea, akakifuta vumbi kwa upindo wa gauni lake.

"Nimeliharibu," alisema Bwana Kipimo. "Kitu kimoja aliniomba."

"Sehemu ya juu ya gauni imebaki?"

"Imebaki."

Waliikagua pamoja. Kwapani kumechakaa, kifuani mishono mitupu. Hapakutoka hata viraka vitano vizima. Shemeji akaweka kiboksi juu ya kimoja cha vile viraka vidogo, akaangalia kilivyopungua.

"Tunavizungushia ukanda," alisema. "Kila kimoja kinapata fremu ya kitambaa kingine, mpaka kifikie kiboksi. Nipe kifumulio."

Bwana Kipimo alifungua bati la biskuti. Kati ya vifaa vyote alivyowahi kununua, hicho ndicho pekee mpini wake ulikuwa umesuguka kwa kutumika. Shemeji alianza kufumua ile safu nyoofu, mshono kwa mshono.

"Ukanda wa kitambaa gani?" aliuliza mzee.

Shemeji aliinua macho kutoka kwenye mshono. Aliangalia mlangoni, ambako tangu siku ya kustaafu lilining'inia koti la kazi la kaki, lenye alama ya kalamu mfukoni.

"Hilo alilikataa," alisema Bwana Kipimo. "Kila mwaka nilimwambia alitumie, kitambaa imara, akasema hapana, ni kigumu kama mwenyewe."

"Basi hayupo wa kukataa. Likate."

Hapo, kusema haki, kisu cha gurudumu kilijitetea. Kanda nyembamba zilizonyooka ndiyo kazi kiliyozaliwa kuifanya, na rula ilikisaidia. Shemeji aliitazama kanda ya kwanza, hakupata la kukosoa, akakohoa.

"Pana kiasi gani?" aliuliza mzee.

"Nusu kidole ionekane nje."

"Unataka nipime kwa kidole?"

"Kipime hicho kidole basi, si una rula. Na usisahau..."

"Inayoingia ndani," alisema Bwana Kipimo. "Nimeongeza."

Safu ilikamilika jioni ile, wakapachika pamba na kitambaa cha chini wiki iliyofuata, na mtoto akazaliwa siku tisa baadaye, wa kike, mwenye sauti. Binti wa Bwana Kipimo alipolikunjua blanketi alifika kwenye safu ya mwisho akasimama. Vidoti vya mama yake vilikuwa katikati, vidogo, kila kimoja kimezungukwa na kaki.

"Baba, hili si koti lako? Mama alikubali?"

"Alikataa kila mwaka," alisema Bwana Kipimo. "Hakupewa nafasi ya mwisho."

Binti alicheka huku machozi yakimtoka, akamlaza mtoto upande ule wa vidoti, kama ilivyoagizwa.

Kiboksi sasa kimetundikwa ukutani juu ya cherehani, na hakuna anayeruhusiwa kukigusa. Meza imerudi kuyumba. Shemeji alitaka kukunja gazeti aweke chini ya mguu, mzee akamzuia. Wiki iliyopita alipita karibu na stendi, na yule muuzaji wa tai alikuwa na kitu kipya: miguu minne ya skrubu, ya kusawazishia meza yoyote duniani. Ameshaifunga, kwa kufuata maelekezo neno kwa neno. Meza inayumba upande wa pili.