Nilivyomwimbia Mpinzani wa Mdogo Wangu

Jamani, hili jambo nimelificha kadiri nilivyoweza, lakini kwa kuwa nusu ya Handeni walikuwepo na nusu nyingine wameliona kwenye simu zao, bora mlisikie kutoka kwangu mwenyewe kabla hamjalisikia kwa mtu wa kutia chumvi, ingawa sioni hiyo chumvi ataiweka wapi, maana aibu yenyewe ilishafurika.

Mimi naishi Masuguru, pale Korogwe, na kazi yangu ni kupika kwenye shughuli za watu, arusi, hitima, maulidi, na kwenye arusi nikishapakua chakula huwa mimi ndiye ninayeanzisha nyimbo, kwa sababu Mungu alininyima umbo akanipa koo. Kwetu hasa ni Handeni, na mdogo wangu Athumani ndiye aliyebaki kule na mama yetu. Mwaka wa uchaguzi Athumani akachukua fomu ya udiwani kwa chama chetu, nitakiita Mzinga, na wapinzani nitawaita Chungu (majina yenyewe siyataji, nisije nikaitwa mahali). Rangi ya Mzinga ni chungwa, ya Chungu ni kahawia, na mgombea wa Chungu alikuwa mama mmoja mtu mzima anaitwa Mama Mhando.

Sasa kipindi kile kila kijiwe swali lilikuwa moja, kwamba hivi mtu wa chama hiki anaweza kweli kumpigia kura mgombea wa chama kile. Kwetu hilo halikuwa swali. Athumani alikuwa anasema kata ile hata Mzinga tukisimamisha jiwe, jiwe linapita, na mimi jirani zangu waliponiuliza kama Chungu wakileta mtu mzuri nitafanyaje, nikawajibu kwamba mtu mzuri hawezi kuwa Chungu, angekuwa mzuri angekuwa kwetu. Wakatikisa vichwa, nami nikadhani wamekubali.

Siku ya kufunga kampeni nikajishonea gauni la chungwa. Fundi alinionya kwamba litabana, nikamwambia libane, ndiyo nataka likae. Na kanga niliiacha nyumbani makusudi, kusudi gauni lionekane. Nikapanda basi mpaka Handeni mjini, kutoka pale nikachukua bodaboda kwenda kijijini, tukafika salama kabisa, na ni wakati wa kushuka ndipo pindo liliponasa kwenye kile chuma cha kukanyagia, mimi nimeshashuka na dereva anaanza kugeuza pikipiki, nikasikia kitu kinalia kama shuka linapasuliwa, na upepo ukaniingia mahali ambapo upepo haujawahi kuingia barabarani. Kuanzia pindo mpaka kiunoni, nyuma yote. Dereva alikuwa mtu wa heshima, aligeuza uso akaangalia shamba la mahindi akasema, "Mama, mimi sijaona kitu," kisha akaondoka kwa kasi ya mtu aliyeona.

Nikajibanza kwenye ukuta wa nyumba ya kwanza, nikawa natembea upande upande, mgongo umegusa ukuta, mpaka uani nikamkuta bibi kizee anapukuchua mahindi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akaniuliza kama nimeumia kiuno. Nikamweleza. Yule bibi alikuwa amevaa fulana ya Mzinga yenye sura ya Athumani, nikajisikia nimefika nyumbani, nikasema huyu ni wetu. Akaingia ndani akatoka na doti nzima ya kanga, mpya, ya kahawia, sura ya Mama Mhando katikati kubwa kama sinia, na chini maandishi: MAJI KWANZA, MANENO BAADAYE. Nikamuuliza kama hana nyingine, akasema nyingine ameivaa. Nikamuuliza basi, taratibu, yeye hasa ni wa chama gani.

"Fulana wamenipa hawa, kanga wamenipa wale," akasema. "Kura sikupewa na mtu. Hiyo ni yangu."

Hapo ndipo ningesema ahsante bibi, naomba nikae kwako mpaka jua lizame. Lakini nikapiga hesabu za haraka, kwamba kiwanja cha mkutano si mbali, wifi yangu yupo, atanipa kanga yake, hakuna atakayejua. Nikaigeuza ile kanga nje ndani, lakini kanga ni kanga, sura ilikuwa ile ile, ila sasa Mama Mhando anatazama upande wa pili, na nilipoifunga kiunoni uso wake ukakaa sawasawa pale panapokaliwa. Kisha nikawaza kwamba watu wa Mzinga wakiona gauni la Mzinga limefungwa Chungu itakuwa ajabu, bora nisiwe wa Mzinga kabisa mpaka nifike, kwa hiyo kipande cha pili nikajitanda kichwani na mabegani nikalifunika lile chungwa lote. Yaani nilijivalisha Chungu kuanzia utosini mpaka visigino kwa mikono yangu mwenyewe, na nilijiona nina akili.

Sikwenda mbali. Kwenye kona nikakutana na akina mama wa Chungu wanakuja kwa maandamano, gari la matangazo liko nyuma yao, na kiongozi wao wa nyimbo sauti imeshakauka, anafungua mdomo inatoka hewa. Wakaniona. Wakanikaribisha mwenzao, wakaniuliza nimetokea wapi, nikajibu Korogwe (ni kweli, sikudanganya), wakatazamana, kumbe walikuwa wameahidiwa mwimbaji kutoka Korogwe na hajafika. Mmoja akanishika mkono huu, mwingine huu. Kujieleza maana yake ningewaambia kwamba mimi ni Mzinga, tena dada wa mgombea, na kwamba chini ya sura ya mgombea wao hakuna gauni, nikaona ninyamaze tu niandamane nao, mbele nitachepuka.

Na ningechepuka, wallahi, kama wangekuwa wanaimba vizuri. Aliyempokea yule wa sauti kavu aliuanza wimbo juu mno, makofi yakachelewa, wa nyuma wakawa wanaimba wao na wa mbele wanaimba wao. Nikavumilia. Nikavumilia tena. Lakini mimi wimbo ukipinda ni kama nimesikia harufu ya wali unaungua, mkono unakwenda wenyewe kwenye sufuria. Nikafungua mdomo.

Nilichukua mdundo wa arusi, na maneno nikaweka yaliyonijia, kwamba lambo limekauka, ndoo zinalia, punda anarudi na madumu matupu kama alivyokwenda, na sikuwa nabuni, mama yetu mwenyewe anayajua hayo maisha. Watu wakaanza kutoka majumbani. Wakanipa maiki. Mtu aliyezoea sufuria ukimpa maiki anakuwa mwingine, nikaanza na kujizungusha, nikaliweka na jina la Mama Mhando kwenye kiitikio, si kwa siasa, ni kwamba linakaa vizuri kwenye mdundo (Athumani nilishalijaribu siku za nyuma, halikai). Nilisahau kabisa mimi ni nani. Kwa muda ule, naomba Mungu anisamehe, nilikuwa na furaha.

Mpaka tukafika kwenye njia panda tukakutana uso kwa uso na msafara wa Mzinga. Barabara nyembamba, gari lao na gari letu (nasema letu) yakasimama bampa kwa bampa, hakuna anayekubali kurudi nyuma. Ngoma zikanyamaza pande zote, na mimi nikabaki naimba mstari mzima peke yangu kabla sijagundua. Juu ya pikapu, na maiki yake mkononi, alikuwa Athumani.

Mimi na Athumani tumefanana mpaka inachosha, uso mmoja, mwanya mmoja wa meno. Watu wakawa wanamtazama yeye, wananitazama mimi. Nikashtuka, kanga ya kichwani ikateleza, chungwa likatokeza mabegani, na mtangazaji wa Chungu, kijana mwepesi wa akili kuliko inavyotakiwa, akatangaza kwamba ndugu wananchi, dada wa mgombea wa Mzinga amehama, na amehama leo leo, hata gauni la kule bado hajalivua. Shangwe ikapanda.

Athumani akainua maiki. "Ndugu zangu," akasema, "huyo mama mimi simfahamu."

Sijui niwaelezeje. Kuna aibu ya kuchanika gauni na kuna aibu ya kusikia sauti ya mdogo wako ikisema hivyo kwenye spika nne. Nikajibu kwenye maiki yangu bila kufikiri: "Athumani, mimi nimekubeba mgongoni."

Hapo ikawa nimethibitisha. Chungu wakataka nirudishe kadi ya zamani na nilivue na hilo gauni mbele ya wananchi, kama wahamaji wengine wanavyofanya. Nikasema sijahama, gauni limechanika nyuma, kanga nimeazima. Watu wa Chungu wakasema mwongo, watu wa Mzinga nao wakasema mwongo, ikawa mara ya kwanza kwa kampeni yote pande mbili zimekubaliana. Wakadai nigeuke waone. Nikaishika kanga kwa mikono miwili, maiki nikaibana kwapani, nayo ilikuwa wazi, kwa hiyo kijiji kizima kikawa kinasikiliza ninavyohema. Nikamtazama Athumani. Athumani alikuwa anaangalia anga kama mtu anayesubiri mvua.

Ndipo Mama Mhando aliposhuka kwenye gari la Chungu, kumbe muda wote alikuwemo. Hakuwa na haraka. Akawaambia akina mama wawili watandaze vitenge, wakanizungushia nyuma ya mlango wa gari, akaniambia geuka mwanangu, nikageuka. Akaona. Akaona gauni, na nadhani aliona pia mahali nilipokuwa nimeuweka uso wake, lakini hakusema lolote. Mtangazaji wake akawa anamnong'oneza, na mimi nilikuwa karibu nikamsikia, anamwambia mama nyamaza tu, hii ni zawadi, kesho watu wanapiga kura. Mama Mhando akachomoa maiki kwapani kwangu.

"Nimeangalia mwenyewe," akasema. "Huyu hajahama. Amechanika."

Walicheka, jamani, walicheka mpaka wengine wakakaa chini barabarani, Mzinga na Chungu wameegemeana. Yeye hakucheka. Akanifunga kanga upya, fundo la nguvu kama la mtoto anayekwenda shule, akamwambia dereva wake arudishe gari nyuma ili mdogo wangu apite. Athumani akapita.

Mimi nikaenda moja kwa moja kwa mama. Nilimkuta amekaa nje, na spika za siku hizi mnazijua, alikuwa amesikia kila neno mpaka kuhema. Hakuuliza habari za gauni wala za nyimbo. Aliuliza kitu kimoja tu, kama ni kweli Athumani amesema hanijui. Nikamtetea, nikasema mambo ya kampeni hayo mama, alikuwa na haraka. Mama akaingia ndani kunitafutia nguo.

Athumani alishindwa. Si kwa mbali, lakini alishindwa, na kilichomuuma zaidi ni kwamba alipungukiwa kura kitongoji chetu, kwa watu wa Mzinga wa damu. Tulipokusanyika nyumbani kula, akawa anahesabu wasaliti kwa vidole, jirani huyu, shemeji yule, na anasema mtu wa Mzinga kuvuka kwenda Chungu ni jambo ambalo hata wazee hawajaliona. Mimi nimeinamia ugali wangu. Mama akasema, kwa sauti ya kuomba chumvi:

"Mimi nilivuka."

Athumani akaacha tonge hewani. "Mama, mimi ni mwanao."

"Na yule pale barabarani alikuwa mwanangu," mama akasema. "Wewe ulisema humjui. Mwenzio akamfunika. Nikasema mtu anayemfunika dada wa mpinzani wake, kwenye maji hatanisahau."

Nilitamani ardhi ipasuke, maana mdogo wangu kapoteza udiwani, na kura ya mama yake mzazi, kwa sababu mimi nilitaka gauni linalobana. Tulipomaliza kula Athumani akainuka, nikajua anaondoka kwa hasira, lakini alichukua birika la maji na beseni, na badala ya kuanza kwa wanaume akaja kwangu, akapiga goti, akaninawisha. Hakunitazama. Akasema tu, "Mkono wa pili, dada."

Basi ndiyo hivyo. Kuimba sijaacha, siwezi. Ila siku hizi hata nikialikwa kwenye arusi ya jirani ninayemjua, kabla sijafungua mdomo nauliza kwanza bibi arusi ni nani na shughuli ni ya nani, na wakinicheka, nawaacha wacheke.