Sauti ya Khaemba, Mdomo wa Rukiah

Khaemba alikuwa na mwili wa mchinja ng'ombe na sauti ya kufanana nao: nene, ya kutoka tumboni, sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya bonde. Basi nani alimtuma aimbe nyimbo za wasichana? Hakutumwa na mtu. Alijituma mwenyewe, kama alivyojituma katika mambo mengine yote ya maisha yake.

Kwao ni Chwele, upande wa Bungoma. Vita vya Uganda vilipokwisha na viwanda vya Kampala vikaanza kufungua milango, alivuka mpaka akapata kazi ya kukata magodoro kule Nakawa. Wenzake walitoka na vipande vya sponji wakaenda kushonea mito. Yeye vyake alivibandika kwenye kuta za chumba alichopanga, juu mpaka chini, dirisha pia, ili sauti isitoke, hadi chumba kikawa kama ndani ya mkate. Humo aliweka kinanda cha umeme alichokipata kwa mmisionari mmoja aliyekuwa anarudi kwao, pamoja na mashine ya kurekodia kaseti. Ngoma alibonyeza yeye. Besi, yeye. Vile vilio vya king'ora na matone ya maji, ambavyo watu wa bendi walisema ni friji bovu, yeye. Bendi hakuitaka. Alisema watu wa bendi wanakula sana na wanachelewa, na katika hilo hakuwa mwongo.

Mashine ile ilikuwa na kifundo cha kupunguza mwendo, na kifundo hicho ndicho kilichozaa mwanamke. Khaemba aliushusha mwendo, akarekodi akiimba polepole kama mtu anayesukuma kabati, kisha akaurudisha mwendo mahali pake. Loo, ikatoka sauti nyembamba, tamu, ya binti aliyetoka kunywa soda sasa hivi.

Mkewe Dolphine, aliyeuza mitumba soko la Owino na kuja kulala ndani ya mkate huo, alimsikiliza huyo binti akashika kiuno.

"Baba Nekesa, wanaume wenzako wana wanawake wa nje. Wako umemweka ndani ya redio. Nimpikie na yeye?"

"Huyo ni mimi, Mama Nekesa."

"Ndiyo maana ni mbaya zaidi."

Wimbo uliowafika watu ni ule aliouita "Umeme Umerudi". Msichana anamwambia mpenzi wake kwamba umeme umerudi, sasa ameiona sura yake vizuri, kwa hiyo aondoke. Khaemba alizinakili kaseti mwenyewe, akazisambaza mwenyewe kwa wauza kaseti, na jina lake aliliandika kwa herufi kubwa kama la duka. Baada ya muda wimbo ukalia Nakawa, ukalia Owino, ukafika Ggaba kwenye bichi ya ziwa, mahali watu wanapokula samaki Jumapili mchana na kutazama karioki.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Bichi ile ilikuwa na binti mmoja, Rukiah, Mnubi wa Bombo, mwembamba, mwenye gauni la kumetameta na macho yasiyotulia. Kaseti ikiwekwa, Rukiah alifungua mdomo, akacheza, akalia, akamfukuza huyo mpenzi asiyeonekana mpaka watu wakamwonea huruma mpenzi. Kampala nzima ikaanza kusema "wimbo wa Rukiah". Khaemba alilisikia neno hilo kiwandani, kwa kinyozi, hata kwa mke wa mchungaji. Likamwingia kama mwiba chini ya ukucha. Hakutaka gari wala nyumba. Alitaka jambo moja tu: watu wajue kwamba anayeimba ni yeye.

Alikwenda kumwona Mumbere, Mkongo wa Butembo aliyeweka muziki pale bichi.

"Ule wimbo ni wangu."

"Minajua, ndugu. Jina yako iko juu ya kaseti. Kubwa vile."

"Basi mbona mnasema wa Rukiah?"

"Weye uliufanya, Rukiah anaucheza. Sasa matata iko wapi?"

Mtu mwingine angeyachukua maneno hayo akarudi nayo nyumbani. Khaemba aliyaacha palepale mezani. Alijifungia ndani ya sponji, akarekodi upya ubeti wa pili bila kugusa kifundo, kwa sauti yake ile ya kuita ng'ambo ya bonde. Ubeti wa kwanza na kiitikio akaviacha vya binti. Akili yake ilimwambia hivi: Rukiah atafungua mdomo, litoke dume, watu wataona wamedanganywa, na aibu itamrudisha Bombo.

"Unakwenda kumwaibisha mtoto wa watu?" Dolphine akauliza.

"Nakwenda kuonyesha ukweli."

"Ngoja nipige pasi gauni. Jambo hilo silikosi."

Jumapili Mumbere akapokea kaseti, akaambiwa hii imesafishwa. Ubeti wa kwanza ukaenda, binti kama kawaida. Kisha ubeti wa pili ukanguruma. Rukiah alisimama kiasi cha kupepesa jicho. Halafu akashusha mabega, akatoa tumbo mbele, akampokonya kofia mzee mmoja wa meza ya mbele, na mara akawa mpenzi mwenyewe, mlevi, kwa maneno yaleyale anajibu kwamba hata yeye sasa ameiona sura ya msichana na hakuna cha kujivunia. Kiitikio kikaja, kofia ikaruka, binti karudi. Dume, binti, dume, binti. Watu walipiga meza hadi samaki wakahama sahani.

Khaemba akapanda jukwaani na kumnyang'anya Mumbere kipaza sauti.

"Huyu haimbi," akasema. "Anafungua mdomo tu. Anayeimba ni mimi."

Watu wakamtazama kama wanaomngojea amalize. Akawa amemaliza.

"Ssebo, bwana," mama mmoja mkaanga samaki akamwambia kwa upole wa kumwambia mgonjwa, "tunajua haimbi. Hii ni karioki, karioki ya Kampala ni mdomo tu. Hakuna anayeimba hapa. Wewe ulidhani nini?"

"Wanaoimba wako kanisani," mwingine akadakia, na kicheko kikazunguka meza zote.

Miaka yote hiyo Kampala, na Khaemba hakuwahi kujua. Alikuwa chumbani.

Rukiah akamkaribia, kofia mkononi. "Mzee, kumbe wewe? Mwanamume na mwanamke, wote wewe?"

"Wote mimi."

"Banange. Basi cheza wewe, tukuone."

Mumbere akarudisha kaseti mwanzo. Sasa sikia. Maisha yake yote sehemu za yule binti Khaemba aliziimba polepole, na mdomo wake haukujua mwendo mwingine. Kaseti ikasema "umeme umerudi", mdomo wake ukawa bado kwenye "ume". Binti akamfukuza mpenzi, Khaemba bado anamkaribisha. Alikimbiza maneno kama mtu anayefukuza kofia iliyopeperushwa na upepo, kila akiinama yamesogea.

"Mwongo huyo," wakasema. "Wimbo si wake. Hata maneno hajui."

 Alikuja kuuchukua wimbo wake, sasa hata jina lake lililo juu ya kaseti linamponyoka mbele ya watu wote. Akamtazama Rukiah, na Rukiah naye akainua mabega.

Ndipo Dolphine akasimama na gauni lake lililonyooka.

"Ni wake," akasema. "Mimi ni mkewe. Nalala ndani ya magodoro, juu, chini na pembeni, bado namsikia. Akifika pale pa juu anajishika hivi, kama anayeumwa tumbo." Akaonyesha. "Mnadhani kuna mwanamke atakayejisingizia aibu ya namna hii?"

Hapo wakaamini. Mzee mwenye kofia akampigia Khaemba makofi, na mkaanga samaki akamtumia kichwa cha sangara.

Wimbo uliendelea kuitwa wa Rukiah, na unaitwa hivyo mpaka leo. Lakini Jumatatu, alipokatiza soko la Nakawa kwenda kazini, muuza nyanya mmoja alimwona, akafungua mdomo bila sauti, akauchelewesha kwa makusudi, na wenzake wakaegemeana kwa kucheka. Walimjua. Khaemba akasimama katikati ya njia, akafungua mdomo naye, bila sauti, polepole, kwa mwendo wake mwenyewe, na muuza nyanya ikabidi amngoje.