Tela la Mama Halikubeba Maiti

Mwaka jana nusura mama yangu anyang'anywe mgahawa na maiti ambao hawakuwahi kuwepo.

Mgahawa wenyewe ni tela la jeshi. Wanajeshi walikuwa wakirudi nalo kutoka vita vya Uganda, ekseli ikakatika hapa kwetu nje ya Bariadi, wakaliacha kwenye uwanja wa pamba wa ushirika. Mimi nimezaliwa nimelikuta. Wanunuzi binafsi waliporuhusiwa na kuja na mizani yao, ushirika ukaanza kuuza makorokoro yake. Mama akalinunua kwa fedha ya pamba, akalisugua, akaweka mabenchi, akawa mama ntilie mwenye nyumba ya bati: wali, maharage, na sato wa kutoka Nyashimo.

Watu walikula vizuri tu. Kisha wakala mmoja wa pamba, ambaye mizani yake iko ng'ambo ya barabara, akatangaza kwamba tela lile lilikuwa la kubebea maiti. Ushahidi alikuwa nao. Halina dirisha. Lina sinki refu la bati lenye tundu la kutolea maji, eti hapo ndipo walipooshewa. Lina waya wenye vibanio, eti vya kuanikia nguo zao. Lina milango miwili, mmoja nyuma ya mwingine, eti mizuka isitoroke. Na ukutani kuna kijisanduku chenye kioo chekundu. Hicho hakukieleza, alitikisa kichwa tu, na hapo ndipo watu wakamwamini kabisa.

Mabenchi yakabaki na nzi. Mchana mmoja akaja mwenyekiti wa kijiji, akamwamkia mama kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu."

Mama akamkaribisha chakula. Akasema ameshiba, huku macho yake yako kwenye sufuria.

"Watu wanaogopa," akasema. "Lete mganga alitambikie kabla ya gulio lijalo. La sivyo, liondoke uwanjani. Wakala yuko tayari kulichukua, ataweka pamba humo."

"Yeye haogopi maiti?" nikauliza.

"Wewe mtoto, nyamaza."

"Nauliza tu, mwenyekiti. Labda pamba ndiyo haina woga."

Mama alinikata jicho, lakini hakunifukuza. Akamwambia mwenyekiti, "Nikilitambikia nitakuwa nimekubali kwamba lilibeba maiti. Silitambikii."

"Basi utalipoteza, mayu."

"Nitalipoteza likiwa halina deni na mtu aliyekufa."

Wiki hiyohiyo shule ikatutuma mjini kupiga picha za paspoti. Pale studio nilitania mno hadi mpiga picha akaniweka wa mwisho, nami kwa kuchoka kungoja nikapenyeza kichwa nyuma ya pazia lake jeusi. Nyuma yake kulikuwa na pazia jingine. Nyuma ya hilo, taa nyekundu, mabeseni, na waya wenye vibanio, picha zikining'inia na kudondosha maji. Kulinuka siki. Harufu hiyo naijua: ilipanda kutoka sinki letu siku mama alipolimwagia maji ya moto.

"Toa kichwa, unaniharibia karatasi."

"Shikamoo. Kwa nini taa ni nyekundu?"

"Nyeupe inaunguza picha. Nimesema toa kichwa."

Nilitoa kichwa, mdomo nikauacha. Nilimsumbua mpaka nikajua kwamba wakala wetu naye alipigwa picha palepale, na negativu yake, ile filamu ya kutolea picha, ipo kwenye droo. Mpiga picha alikataa kuja. Nilipomweleza habari ya mizuka na milango miwili akacheka, akakubali.

Siku ya gulio watu walisimama mbali kama wanaotazama ng'ombe mkali. Nikamwalika wakala kwa sauti ya kutosha wote wasikie, aje atuonyeshe maiti walilala wapi. Angekataaje? Wakaingia yeye, mwenyekiti, mama na mpiga picha; mimi nikabaki nje kidogo. Kile kijisanduku kina kifuniko upande wa nje wa tela. Nikaweka kandili humo, nikaingia, nikafunga milango yote miwili. Tela likawa jekundu. Hakuna hata uzi wa jua uliopenya.

Mpiga picha akabana negativu ya wakala juu ya karatasi, akaimulika kwa tochi kidogo, akaitumbukiza karatasi kwenye beseni la dawa yake ndani ya sinki. Ikabaki nyeupe. Mwenyekiti akakohoa. Halafu zikaja nyusi, zikaja nywele, zikaja masharubu.

"Huyo nani?" mwenyekiti akanong'ona.

"Maiti wa kwanza," nikasema.

"Nifungulieni," akasema wakala.

Nje, mwenyekiti aliwatangazia watu kwamba tela lilikuwa la kusafishia picha za jeshi. Kisha akamsogelea mama pembeni. "Hata hivyo, mayu, tambiko dogo. Kuku mmoja tu, watu watulie."

"Kuku nitampika," mama akajibu. "Mwenye njaa aje."

Picha nilikuwa nimeibana kwenye waya, juu ya mabenchi. Wakala akadai apewe.

"Ingia, kaa, ule," mama akamwambia. "Ukimaliza, chukua."

Watu walijaa mlangoni kumtazama. Alikula akiwa ameinamisha kichwa, tonge baada ya tonge, hadi mwenyekiti akavuta benchi akaomba sahani yake.

Wapo ambao mpaka leo wanapita upande wa pili wa barabara wameziba pua. Mama huwasalimia kwa sauti kubwa, basi. Tela liko palepale, na mganga hajakanyaga.