Jina la Kwanza kwenye Jarida

Kwenye wodi ya watoto njiti walimwita Dakta Mizani, kwa sababu mizani yake hakumwachia mtu. Mtoto mdogo kuliko mkate, ukimlaza uchi juu ya chuma baridi, anapoa. Akipoa hanyonyi, na asiponyonya hanenepi. Basi yeye alikuwa akiwafunga kwa kitambaa kilichopashwa joto, akiwapima nacho, kisha anatoa uzito wa kitambaa. Jambo dogo, utasema. Lakini watoto walinawiri, naye akakata shauri kuandika makala ya jarida la madaktari.

Makala hiyo aliihitaji kwa kufa na kupona. Kiti cha mkuu wa wodi kilikuwa wazi, na hakipewi mtu ambaye jina lake halijawahi kutangulia kwenye makala.

"Kutangulia maana yake nini?" mama yake alimuuliza, alipokuja kumsaidia mimba ilipokuwa kubwa.

"Maana yake kazi ni yako, mama. Wanaofuata ni wasindikizaji."

Akajifungua. Likizo ya uzazi ilianza makala ikiwa bado mbichi, akamwachia Profesa, mkuu wa idara, amtunzie mpaka atakaporudi. Alimwamini. Hilo ndilo kosa lake, kama kumwamini mkubwa wako ni kosa.

Aliporudi kazini, maziwa bado yakimlowesha blauzi, alikuta soda na biskuti kwenye chumba cha mikutano. Wanaume wa idara walikuwa wanampongeza Dakta Tai, kijana mtanashati ambaye hajawahi kumgusa mtoto njiti ila kwa kupigwa naye picha. Makala imetoka! Jina la kwanza, Dakta Tai. La mwisho, pale panapokaa wakubwa, Profesa. Katikati wamejibana wengine wawili, mmoja wao daktari wa macho, sijui watoto njiti aliwaona wapi. Na Dakta Mizani? Alitupwa chini kabisa, kwenye shukrani, ubavuni mwa fundi umeme: anashukuriwa kwa kusaidia kupima watoto.

Akamgeukia Profesa.

"Tulikuonea huruma," Profesa akasema, makombo ya biskuti yakimdondoka kidevuni. "Una kichanga nyumbani. Tungekusumbuaje?"

"Mngenipigia simu."

"Mama mtoto, punguza presha, maziwa yatakauka bure. Hebu tumiminie soda."

Wakacheka. Watu wazima, wenye mabinti wao vyuoni, wakacheka mpaka wakafutana machozi. Huruma yao ilinuka kuliko ndoo ya nepi. Mwizi wa usiku angalau hakupigi mabegani huku akikupongeza kwa kujifungua salama.

Soda hakuimimina. Aliichukua makala akaisoma palepale amesimama, na alipofika kwenye jedwali la uzito akazirudia tarakimu moja moja kwa kidole.

"Hamjatoa kitambaa," akasema.

"Kitambaa gani?" akauliza Dakta Tai.

Kitambaa gani! Alikuwa amechukua tarakimu mbichi, za watoto pamoja na vitambaa vyao, akazipeleka kama zilivyo. Watoto waliofungwa walionekana vibonge kuliko wenzao waliopimwa uchi, na sehemu ya huo unene ilikuwa pamba tupu. Daktari wa mbali angeisoma makala hiyo akaamini, akamruhusu kurudi nyumbani mtoto ambaye bado hajakomaa.

"Imeshatoka," Profesa akasema, sasa hacheki. "Ukiigusa unatuvua nguo wote. Nyamaza, makala ijayo tutakuweka wa tatu."

Wa tatu, kwenye kazi yake mwenyewe! Alitoka bila kuaga. Angeweza kunyamaza, na wapo ambao wangemwambia anyamaze. Lakini vile vitoto alivijua mmoja mmoja, kwa kilio na kwa kunyonya. Siku hiyohiyo akaliandikia jarida: uzito una kasoro, kitambaa hakikutolewa, tarakimu sahihi hizi hapa.

Jarida lilifuata utaratibu wake. Kabla ya kutoa tangazo la masahihisho, liliwauliza waandishi kosa limetokea wapi. Dakta Mizani hakuulizwa, kwani yeye si mwandishi. Waandishi wakajibu kwa sauti moja, wanaume wanne, na Profesa ndiye aliyewaandikia maneno.

Wiki hiyo kiti cha mkuu wa wodi kikapewa Dakta Tai. Kosa halikuwa lake, walisema.

Tangazo lilimfikia Dakta Mizani kwenye simu, yuko nyumbani, mtoto ametoka kunyonya. Lilianza na jina lake, la kwake na la baba yake, limeandikwa kwa ukamilifu bila hata herufi moja kukosewa: yeye ndiye aliyehusika na upimaji, yeye ndiye aliyesahau kutoa uzito wa vitambaa, na waandishi wanasikitika kwa uzembe huo. Alilisoma mpaka mwisho, akaenda kwenye sinki akatema mate, akarudi akakaa.

Mama yake alikuwa anambeulisha mjukuu begani. Akaiona simu, akauona uso wa mwanawe, asiuelewe.

"Ni lile jarida lako?"

"Ndilo."

"Jina lako limetoka?"

"Limetoka, mama."

"La ngapi?"

Dakta Mizani akaifunika simu kifudifudi kwenye paja.

"La kwanza."

Mama yake akapiga vigelegele, mtoto akashtuka akaanza kulia.